Viza Iliisha, Sasa Anataka Niikane Ndoa Yetu

Mama Nyamizi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bukiriro, wilaya ya Ngara, na kabla hujafika mbali nataka ujue kwamba silii, maana wengi wanaokuandikia wanalia na wewe huanza kwa kuwafuta machozi, mimi yangu yalishakauka na msimamo ninao, ninachotaka ni mtu mwenye akili zake aniambie kama msimamo wangu una miguu au nimesimama hewani.

Naitwa Kalista, nimezaliwa Nyakahura kule Biharamulo, nikaolewa huku na Danstan, tukafunga ndoa kanisani mbele ya watu na tuna mabinti wawili. Danstan ni fundi seremala, mlango wake ukiufunga haupigi kelele, na pia ni mwimbaji wa kwaya ya kigango chetu, na huko kwenye kwaya ndiko mambo yote yalikoanzia, kwa sababu parokia yetu ina urafiki na parokia moja ya mji mdogo huko Ujerumani, wao huja huku na sisi huenda kule, na ilipofika zamu ya kwaya wakaalikwa kwenye jubilei. Mama mmoja mzee wa kule, anaitwa Ursula, ndiye aliyetia sahihi kuwadhamini wote, wakapewa viza ya matembezi, ya muda mfupi, na kila mmoja alielezwa siku ya mwisho ya kuwa kule, hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Wakaenda, wakaimba, wakarudi. Nilikwenda stendi ya Ngara mjini kuwapokea, mabinti zangu wamevaa nguo za Jumapili, basi likasimama, watu wakashuka wakiimba, na kila aliyeshuka alinikumbatia haraka haraka akapita bila kunitazama usoni, mpaka basi likabaki tupu na kondakta anafunga buti. Ndipo kiongozi wa kwaya, Mwalimu Desderius, akaja akasimama mbele yangu kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Kalista, mwenzako amebaki."

"Amebaki Dar es Salaam?"

"Amebaki kule kule. Asubuhi ya kuondoka tuliamka hayupo, kitanda kimetandikwa."

Binti yangu mkubwa, Jovina, akaniuliza kama baba yuko kwenye basi la nyuma, nikamwambia twende nyumbani, na huo ndio ukawa mwisho wa mapokezi yetu.

Danstan alipiga simu baadaye, sauti iko chini kama mtu aliyejificha chini ya blanketi, akaniambia, "Mke wangu, usinikasirikie, nipe mwaka mmoja tu, nipate mashine za karakana, halafu narudi." Nikamuuliza viza inasemaje, akasema viza imeisha lakini huku ukikaa kimya hakuna anayekuuliza. Akapata chumba kwa Mrundi mmoja anaitwa Minani, yeye ana vibali vyake halali, na wanaelewana vizuri kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, na kazi akapata kwenye shamba la tajiri mmoja anayependa watu wasio na vibali kwa sababu anajua hawana pa kumshtakia.

Sitaki kujifanya malaika mbele yako, Mama Nyamizi. Alituma kidogo kidogo, tukabadilisha bati, shemeji yangu Wiston, kaka yake Danstan, akaanza kutembea kifua mbele, sokoni wakawa wananiita mke wa Ulaya na mimi nikawa naitika. Mwaka mmoja ukaisha, akaomba mwingine, na huo nao ukaisha bila hata kuuzungumzia.

Kisha kwaya ikaalikwa tena. Safari hii alikuwamo binti anaitwa Irine, yeye ndiye anayepiga kinanda kanisani, alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza tu, na Mama Ursula alikuwa amemtafutia mwalimu kule wa kumfundisha kwa miezi michache ili akirudi naye awafundishe wengine. Irine alishonewa nguo mpya, akaaga mpaka wajomba zake wa Mabawe. Wote wakanyimwa viza, hakubaki hata mmoja, na Mwalimu Desderius akarudi na jibu kwamba kundi lililopita halikurudi kamili. Mama Ursula naye tukasikia aliitwa akahojiwa Danstan yuko wapi, wenzake wa parokia wakamlaumu kwa kuleta watu asiowajua, mpaka akajitoa kwenye kamati ya urafiki.

Siku moja nikakutana na Irine kisimani, nikamsalimia, akatua ndoo yake chini akanitazama.

"Dada Kalista, mume wako amekula safari yangu."

Hakutukana wala hakupaza sauti, akajitwika ndoo akaondoka. Tangu hapo wanawake niliokuwa natoka nao misa tukipiga soga njia nzima, sasa misa ikiisha kila mmoja anakumbuka ana shughuli ya haraka. Danstan sikumwambia, nilijisemea mtu yuko mbali na ana yake, kwa nini nimwongezee mzigo.

Halafu simu zikapungua, na siku moja akapiga Minani badala yake, akasema, "Shemeji, usishtuke, Danstan ameanguka." Alikuwa juu ya ngazi kwenye ghala la yule tajiri, ngazi ikateleza, akaangukia mkono wa kulia. Yule tajiri akampakia kwenye gari, akamshusha barabarani karibu na anakoishi, akamwambia asirudi tena na asimwambie mtu alikoumia. Hospitali hakwenda, aliogopa wataomba karatasi na karatasi zitamwita polisi, kwa hiyo Minani akamfunga kwa kitambaa na vipande vya mbao, mfupa ukaunga umepinda, na yule fundi wa milango isiyopiga kelele sasa hawezi kushika randa. Anatoka nje giza likiingia, akiona mtu yeyote mwenye sare, hata mkagua tiketi, anageuza njia. Aliniambia mwenyewe, "Kalista, kuna siku nasahau sauti yangu ilivyo, maana nashinda kutwa sijaongea na mtu."

Mimi nilijua sasa atasema anarudi. Nilianza hata kufikiria atalala upande gani na ule mkono. Badala yake akaniambia hivi:

"Kuna mwanamke huku amekubali tufunge ndoa ya karatasi. Nikioa huku napata vibali, natibiwa mkono, nafanya kazi mchana kweupe. Baadaye tunaachana, nawaleta nyinyi wote."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wangu. Ila kwenye karatasi inabidi ionekane sijawahi kuoa. Wiston atakuletea, utie sahihi tu kwamba tuliishi pamoja lakini ndoa haikuwepo."

"Na watoto, Danstan?"

"Watoto ni watoto. Karatasi haibadilishi damu."

Wiston hakuchelewa. Akaniita nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mama Ildefonsa, nikamkuta ameshika karatasi imeshachapwa, jina langu limeshaandikwa, limebaki pengo la sahihi tu.

"Shemeji, ni sahihi tu. Unataka kumzuia mwanamume asipambane?"

"Nataka kujua, nikisaini hapa, Jovina ni mtoto wa nani."

"Usikuze mambo. Akirudi huku na mkono ule atafanya nini? Atakaa jikoni na wewe mchambue mboga?"

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa, akasema kwa Kihangaza kwamba yeye siku ya harusi alikuwepo, alicheza mpaka kiatu kikakatika mkanda, sasa anashangaa leo anaambiwa ile haikuwa harusi. Wiston akamwambia mama, haya mambo ya kisasa huyajui. Mimi nikasimama nikamwambia shemeji, karatasi hiyo iache hapo hapo kwa mama, nyumbani kwangu haiingii, nikatoka.

Kwa hiyo sahihi sitii, hilo nimeshalimaliza. Ninachouliza ni haya mengine. Je, ni kweli anavyosema Wiston kwamba Danstan akijitokeza atafungwa kule miaka na miaka, na akifika Tanzania atakamatwa uwanja wa ndege? Je, akirudi ndiyo basi, hataruhusiwa tena kwenda popote duniani? Na la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Nikimwambia rudi, akarudi, na mkono ule, na aibu ile, si atakaa chini ya bati alilonunua anitazame kila siku kama mtu aliyemfungia njia? Nitaishije na mwanamume ambaye kila akinitazama anaona mlango uliofungwa?

Jina langu usilifiche gazetini. Mimi ni Kalista, mke wa Danstan, na nataka liandikwe hivyo hivyo.

*

Kalista, marahaba.

Jina lako nimelitaja kama ulivyoagiza. Mji anaoishi mume wako nimeufuta, ili ujasiri wako usije ukamtia yeye matatani kabla hajajipanga.

Msimamo wako una miguu. Usitie sahihi. Si leo, si wakikuletea karatasi nyingine yenye maneno matamu zaidi, si hata Danstan mwenyewe akikulilia kwenye simu. Wanakuambia ni karatasi tu. Viza nayo si ilikuwa karatasi tu? Tazama ilivyopuuzwa imefanya nini: mkono wa fundi, safari ya Irine, heshima ya bibi wa watu aliyewadhamini. Kutamka kwa sahihi yako kwamba ndoa iliyofungwa haikufungwa ni uongo mbele ya sheria, na uongo huo utakuwa na jina lako wewe, si la Wiston. Mume wako naye leo ana kosa moja, la kukaa kupita muda. Akioa huku ana mke atakuwa na makosa mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Na asidhani maofisa wa kule ni watoto. Ndoa za namna hiyo wanazijua, watamwuliza yeye peke yake na yule mwanamke peke yake, chai wananywa na sukari au bila sukari, na hapo ndipo mtu anaposahau jina la mkwe wake. Mwambie Wiston hivi: kama ni sahihi tu, aanze yeye kuandika kwamba Danstan si ndugu yake wala hakuzaliwa na Mama Ildefonsa, apige muhuri, ndipo aje kwako. Na huyo mama mkwe wako mheshimu sana. Kwenye kile kikao alikuwa na akili kuliko wote.

Sasa zamu yako, maana nawe sikuachi hivi hivi. Umemficha mume wako mambo. Ulimwambia habari za bati, hukumwambia habari za Irine. Ulimwambia watoto wanaendelea vizuri, hukumwambia watu wanakukwepa baada ya misa. Mtu yuko gizani huko anaamua maisha yenu kwa habari nusu, halafu unashangaa anaamua vibaya? Umeniandikia mimi, nisiyekujua, barua ndefu yenye kila kitu, na yeye hujamwambia hata sentensi moja iliyonyooka: nataka urudi. Soma barua yako. Neno hilo halimo. Umeuliza nikimwambia rudi, lakini hujamwambia. Na kile cheo cha mke wa Ulaya ulikiitikia mwenyewe, basi kivue mwenyewe.

Nikujibu maswali yako. Nilimtafuta mwanasheria mmoja anayefahamu mambo ya uhamiaji, nikampa habari bila majina. Akaniambia kukaa kupita muda wa viza ni kosa na lina gharama yake, tusidanganyane. Anaweza kuhojiwa, anaweza kutozwa faini, na kuna uwezekano mkubwa akapigwa marufuku kuingia kule kwa kipindi fulani. Marufuku hiyo huwa inagusa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, si moja. Lakini kipindi fulani si milele, na Ulaya si dunia nzima. Mtu anayejitokeza mwenyewe na kuondoka kwa hiari kwa kawaida hutazamwa tofauti na anayekamatwa akikimbia. Huku nyumbani ni raia anayerudi kwao kwa hati yake halali. Ataulizwa maswali, ajibu ukweli. Wiston anakutisha kwa jambo ambalo hajamwuliza mtu yeyote anayelijua.

Danstan afanye nini? Asitoke leo kukimbilia kituo cha polisi, wala asikimbilie uwanja wa ndege na begi. Kwanza atafute ushauri. Kule kuna mashirika ya makanisa na ya msaada wa sheria yanayowashauri watu wasio na vibali, na kuna ofisi zinazosaidia wanaotaka kurudi makwao kwa hiari, nyingine hutoa mpaka nauli. Minani ana vibali, anaweza kutembea mchana, basi yeye ndiye aende akaulize, na swali la kwanza liwe: nikiwaeleza habari za ndugu yangu, zinabaki hapa? Akishapata jibu la kuridhisha ndipo Danstan aende. Ule mkono uonwe na daktari kabla ya safari. Miji mingi ya kule ina zahanati zinazotibu watu wa hali yake bila kuwapeleka kwa mtu, na mshauri atamwelekeza. Na kuhusu yule tajiri aliyemtupa barabarani, Danstan asiseme mimi sina haki kwa kuwa sina kibali. Amweleze mshauri wa sheria kila kitu, alifanya kazi wapi, na nani, aliangukaje, mshauri ndiye aseme kama kuna haki ya kudaiwa.

Pasipoti yake aitazame leo. Kama imeisha au imepotea, ubalozi wetu ndiko kwa kwenda, watu kama yeye wameshawaona. Asinunue hati ya mtu mwingine. Asivuke kwenda nchi ya jirani akidhani kule watamsahau. Na siku yoyote mbeleni, hata baada ya miaka, akiomba viza ya nchi yoyote akaulizwa kama amewahi kukaa kupita muda, ajibu ndiyo. Akisema hapana wakaona rekodi, huo ndio mlango utakaofungwa moja kwa moja.

Kabla hajapanda ndege ampigie Mama Ursula. Yeye mwenyewe, si kupitia Minani. Asijitetee kwa habari za umaskini wa Bukiriro, maana waimbaji wenzake wote wanatoka Bukiriro hiyo hiyo na walirudi.

Nikirudi kwenye swali lako la tatu, lile linalokukosesha usingizi. Ndiyo, Kalista, inawezekana akakutazama vibaya. Inawezekana miezi ya mwanzo akawa mkali, akalaumu chakula, akalaumu watoto, akakulaumu wewe. Sitakudanganya kwamba atashuka akiwa anacheka. Lakini pima. Upande mmoja una mwanamume mwenye kisirani anayelala ndani ya nyumba yake. Upande wa pili una mwanamume anayesahau sauti yake mwenyewe. Wa kwanza anatibika.

Ila usimpokee kama mgeni wa kutoka Ulaya wala kama mgonjwa. Usimpikie tofauti na watoto, usimwekee kiti pembeni asikoonekana. Mkono umepinda, akili ya ufundi haijapinda. Vijana wanaotaka kujifunza useremala hapo kwenu hawakosekani, na fundi anaweza kufundisha kwa mdomo na mkono mmoja. Akianza kusema ungenisainia ningekuwa mbali, mjibu mara moja tu: "Ungekuwa mbali, ndiyo. Ndiyo maana sikusaini." Halafu endelea na kazi yako.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini. Usimwite Wiston, usiite kikao, usimsubiri mchungaji wala padri. Piga simu. Mweleze habari za Irine zote. Mweleze habari za Mama Ursula. Mwambie sahihi hutii na hutatia. Kisha sema lile neno ambalo hujalisema, kwa Kiswahili, kwa Kihangaza, kwa lugha yoyote mnayotumia mkiwa wawili: rudi. Ukishalisema, nyamaza umwachie nafasi ajibu.

*

Wasomaji wengi waliniuliza Kalista alifikia wapi. Ameniandikia tena, barua fupi safari hii, na ameniruhusu niseme.

Alipiga simu. Danstan alisikiliza habari za Irine mpaka mwisho, akauliza, "Irine yule mdogo wa kinanda?" halafu simu ikakatika. Kalista hakujua kama ni mtandao au ni yeye aliyekata. Alipopiga tena haikupatikana, na hivyo hivyo kesho yake, na Wiston akapita mtaani akisema mmeona, mwanamke kamuua kaka yangu kwa maneno. Kisha Minani akapiga, akasema wako pamoja wanatoka kwa mshauri, na kwamba Danstan alikuwa analia ndani ya treni mchana kweupe, watu wanamtazama, na hakujali.

Mambo hayakwenda upesi. Madaktari waliutazama mkono, wakasema unahitaji upasuaji ambao anaweza kufanyiwa hata Tanzania. Mama Ursula alipopigiwa alisema asante kwa kunipigia, akakata. Marufuku aliyopewa ni ya miaka kadhaa, aliipokea kwa maandishi na akaisaini. Uwanja wa ndege huku aliulizwa maswali, akajibu, akaambiwa apite.

Kisirani alikuja nacho, Kalista anasema, kama nilivyomwonya. Wiston hakuja kumsalimia mpaka Mama Ildefonsa alipokwenda kumfuata mwenyewe nyumbani kwake na kumleta. Lakini Danstan hakukaa ndani. Siku ya mazoezi ya kwaya alivaa shati safi, akatembea mpaka kigangoni, Kalista akamfuata kwa nyuma akabaki mlangoni. Mwalimu Desderius akamwachia Danstan nafasi mbele, lakini yeye akaipita akaenda mpaka kwenye kinanda.

"Irine, nimekuja kwako kwanza, kabla ya hawa wote. Safari yako niliila mimi. Sina cha kukulipa."

Irine hakuacha kutazama vidole vyake.

"Sijakusamehe, kaka Danstan."

"Najua."

"Siku nikikusamehe nitakuambia mwenyewe. Usiwe unaniuliza."

"Sitakuuliza."

Irine akafungua kitabu cha nyimbo, akabonyeza noti ya kwanza, akaishikilia.

"Haya, tafuta pa kukaa, tumechelewa kuanza."

Danstan akageuka kutafuta. Kwenye safu ya wanaume, Kalista anasema, mtu mmoja alisogea kumpa nafasi.